Safari Hii Hakidondoki

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Kifaa kiko mezani mbele yangu, kizima. Nimekifuta na kukifuta tena. Bado kina harufu ya mkono wa Mfamasia. Sabuni ya dawa.

Naandika mambo kwa utaratibu ili siku ukweli ukitafutwa, upatikane. Chama chetu cha wastaafu watembea kwa miguu kina GPS moja tu, ile ya kushika mkononi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia. Husikiliza setilaiti ikajua mahali ulipo, kisha mshale wake hukuonyesha uelekee wapi. Anayekibeba kifaa hicho ndiye anayetangulia. Wengine humfuata mmoja nyuma ya mwingine kama bata. Mbebaji ni mimi, niliyefundisha jiografia maisha yangu yote. Nani mwingine?

Jumamosi iliyopita kilidondoka. Yaani, wanasema kilidondoka. Niliinama kufunga kamba za kiatu, begi la mgongoni likanielemea kisogoni, nikainuka: mfuko wa shati mtupu. Aliyekiokota nyasini ni Mfamasia, mstaafu mwenzangu, aliyekuwa nyuma yangu. Yeye huwa nyuma yangu siku zote. Karibu mno. Nikisimama ghafla, pua yake hugonga begi langu. Mtu mwenye nia njema hutembea hivyo?

Mwenyekiti wetu ni Mkunga mstaafu, mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa na mpaka leo humwamuru kila mtu kana kwamba yuko kwenye uchungu. Alitoa hukumu palepale. Kikidondoka tena, atabeba mwingine, nami nitaingia kwenye foleni. Hakumtaja huyo mwingine. Alimtazama Mfamasia tu. Mfamasia akatabasamu, si kwangu hasa, pembeni kidogo, kama anayeutabasamia mti ulio nyuma yangu. Dharau!

Sijawahi kufuata foleni. Mwalimu hutangulia, darasa hufuata. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu ki mgongoni.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Mpango wa kwanza: kamba shingoni. Kilichofungwa shingoni hakiibiki bila mwenye shingo kujua. Nilichukua kamba ya viatu vya zamani, nikaipitisha kwenye kitundu cha kifaa, nikaivaa. Begi nikalijaza atlasi na kamusi ili liwe na uzito wa safari. Mazoezi sebuleni.

Kutembea wima, safi kabisa. Shida ni kuinama. Kifaa hubembea mbele yako kama timazi ya fundi. (Jambo zuri la kujua: kasi ya kubembea hutegemea urefu wa kamba, si uzito wa kilichofungwa. Nilimweleza mke wangu. Alikuwa anachambua maharage na hakuuliza swali hata moja, ishara kwamba ameelewa.) Niliinama kumwokotea haragwe. Kifaa kikanigonga meno. Niliinama jikoni kutazama kama chai imechemka. Ilikuwa imechemka. Kifaa kikaingia sufuriani.

Hakijadhurika. Kimetengenezwa kustahimili mvua, na mvua na chai ni ndugu. Lakini nilipokivuta kwa haraka, begi liliteleza, mkanda wake ukabana ile kamba, na kamba ikanibana mimi. Nilisimama nikielekea dirishani, ulimi nje, nikisubiri msaada.

Mke wangu alinifungua bila haraka. Alisema ng'ombe huvalishwa kengele asipotee, ila hajapata kumwona ng'ombe anayejivalisha mwenyewe. Nikamwambia hili si jambo la mzaha. Akasema hakuwa anafanya mzaha, na kwamba chai ile nitainywa mimi.

Mpango umefutwa. Chai imenyweka.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Mpango wa pili: mfuko wa juu wa begi, ule wa kwenye kifuniko, wenye zipu. Pale kifaa kinaiona mbingu bila kizuizi, hakiwezi kudondoka, na mikono yangu yote miwili iko huru kuelekeza watu. Kisayansi hakuna mahali bora zaidi.

Kasoro ni moja. Sikifikii. Nikitaka kukisoma, ama nivue begi kila mara, ama anitolee aliye nyuma yangu. Na nyuma yangu yuko nani?

Nilifanya jaribio. Nikamwomba mke wangu anifuate ukumbini na ajitahidi kukitoa bila mimi kuhisi. Kwanza alikataa, ana kazi. Kisha akakubali ili niache kuomba. Nilitembea polepole hadi mlangoni, masikio wazi, mwili wote macho. Sikuhisi kitu. Nikamwambia basi, aanze. Akanionyesha kifaa, kiko mkononi mwake tangu pale kwenye kabati la vyombo.

Mambo mawili yamethibitika. La kwanza, mfuko wa juu haufai. Ikiwa mke wangu ameweza, je, yule ambaye vidole vyake vimehesabu vidonge vidogovidogo tangu ujana? La pili, nimeanza kuzifikiria upya peremende ninazoficha kwenye koti, zile ambazo huisha bila mimi kuzila. Huyu mama amejifunzia wapi kazi hii?

Koti nimelihamishia msumari wa nyuma ya mlango wa mbele, ninapoliona.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Nimepata! Sumaku.

Niliingia stoo kutafuta kamba nyingine, nikajikwaa kwenye spika za redio ile ya zamani. Spika ina sumaku nyuma yake, pete nene, nzito. Bisibisi, nyundo, jasho kidogo, na asubuhi yote. Nimetoa za kutosha. Moja nimeigandisha kwa gundi kali mgongoni mwa kifaa. Ya pili nimeishonea ndani ya mkanda wa begi, upande wa kushoto, juu ya moyo. Kifaa hukaa hapo kifuani, kioo kikinitazama. Sihitaji kushika wala kufunga chochote. Na ya tatu nimeishonea juu kabisa ya bega, kwa tahadhari, endapo kifaa kitapanda.

Nimeruka. Nimeinama. Nimelala kifudifudi zuliani na kuinuka. Hakibanduki! Sumaku ni kitu cha ajabu, nilikuwa nawaambia wanafunzi kila mwaka. Haichoki, hailali, haihongeki. Laiti wanadamu wangekuwa hivyo.

Mke wangu aliuliza kama sumaku haitakisumbua kile kimshale. Nilitabasamu kwa upole. Nikamweleza kwamba kifaa hiki husemezana na setilaiti, huko juu mbali, na setilaiti haina habari na spika ya redio. Akasema yeye hajasoma hayo, ila anaikumbuka siku niliyomfokea kwa kuweka mkasi karibu na dira yangu ya darasani. Nikamwambia ile ilikuwa dira. Hiki ni kifaa. Ndani yake mna dira, kweli, lakini ni ya kisasa.

 Akaniomba nimrudishie uzi wake.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Adui amekuja nyumbani kwangu.

Alipiga hodi saa ya chai. Mke wangu alimkaribisha kabla sijakificha kifaa vizuri, ikabidi nikikalie. Mfamasia akaingia, akasimama mbele ya mlango, akaliamkia koti langu. Ndiyo, koti. Alilisabahi kwa adabu, akaliuliza habari za magoti. Nikajibu kutoka kwenye kiti kwamba magoti hayajambo. Akageuka, akacheka, akasema mzaha tu, Mwalimu. Nimeelewa ujumbe wake. Kwamba mimi ni koti tupu lililotundikwa msumarini.

Mwenendo wake wote ulikuwa wa mtu mwenye dhamira chafu. Alikipapasa kiti kabla ya kukaa, kana kwamba ametegewa. Sukari aliimimina kwenye kisahani badala ya kikombe. Mikono ya mwenye hatia haitulii. Mke wangu, badala ya kuona haya, alimsaidia kukoroga.

Watu humwita Daktari. Yeye si daktari. Alikuwa anauza dawa walizoandika madaktari. Hakuna anayeniita mimi Mvumbuzi wa Dunia kwa kuwa nilichora ramani zake ubaoni.

Kisha akatoa zawadi. Kipochi cha turubai ngumu, chenye kifuniko cha plastiki angavu, kulabu ya kukining'iniza kwenye mkanda wa begi, na kamba ya pili ya kufunga kiunoni, hata kulabu ikikatika kifaa kibaki. Alisema amenishoneshea kwa fundi kwa sababu anataka sana kifaa kisinipotee. Sana! Mtu anayetaka kiti chako anakuletea mto wa kukalia. Kwa nini?

Kipochi nimekitupa uvunguni mwa kitanda.

Alipokuwa anaaga aliniuliza kesho nitabeba begi gani. Nikamwuliza anataka kujua ya nini. Akasema niendelee kubeba lile jekundu, linanipendeza. Mwanaume mzima. Linanipendeza! Ni wazi anataka niwe rahisi kutambulika kutoka mbali. Kutambulika na watu gani?

Nimefikiria kubeba begi la kijani. Lakini sumaku nimeshazishonea jekundu.

Jumamosi, tarehe 7 Juni, jioni

Bega linauma. Naandika yote, hata yasiyonipendeza.

Safari ya leo ilikuwa kwenda chemchemi iliyo chini ya kilima chenye mnara wa simu. Tulianza vizuri. Mimi mbele, kifaa kifuani kama nishani. Nyuma yangu Mfamasia, pumzi zake kwenye begi. Nyuma yake Mkunga na wengine. Tulikwenda taratibu kwa ajili ya goti la Mkunga.

Kwenye njia panda mshale ulionyesha kushoto. Wengine wakanung'unika, wamezoea kupita kulia. Niliwaeleza kwa kifupi namna setilaiti zinavyopima umbali, mpaka wakakubali kwenda. Tukaenda kushoto. Tukafika kwenye ukuta mrefu unaozunguka matangi ya maji, wenye lango la chuma na mlinzi kwenye kiti. Mlinzi akasimama, akatuamkia. Tukaitikia marahaba, tukapita. Kwenye kona, mshale ukasema kushoto. Tukafuata ukuta. Kwenye kona nyingine, kushoto. Kifaa kilikuwa na msimamo, jambo ambalo ni nadra siku hizi.

Baadaye tukafika kwenye ukuta mwingine mrefu, wenye lango la chuma na mlinzi kwenye kiti. Nikawaambia wenzangu kwamba idara ya maji hujenga kwa ramani moja. Mlinzi huyu hakusimama. Alituamkia tena, sauti yake ikapanda mwishoni kama ya mtu anayeuliza.

Tulipofika kwa mlinzi wa tatu, alikuwa amemwita na mpishi atoke nje aje aone. Akasema, bila kuinuka:

“Wazee wangu, ukuta huu mnaukagua, au mmekuja kuuposa?”

Waliocheka ni wenzangu. Nimewaandika kichwani.

Mkunga akaja mbele. Alisema mnara uko kule, nyuma ya migongo yetu, na kwamba mtoto aliyezaliwa asubuhi angeuona. Nikamweleza jinsi hewa ya moto inavyopinda mwanga na kulidanganya jicho. Akaunyoosha mkono wake, akasema nimpe kifaa. Nikarudi nyuma hatua. Akaja hatua. Nikageuza bega kukikinga kwa mwili wangu.

Tak!

Nimeshikwa begani. Mkono mzito, baridi, usio na huruma. Saa niliyoingoja wiki nzima imefika. Sikugeuka hata kutazama. Nikasema kwa sauti ya kufika dawati la mwisho kabisa nyuma:

“Mfamasia, niachie bega langu.”

Sauti yake ikaja, ya upole, kutoka mbele yangu, upande wa Mkunga.

“Niko huku, Mwalimu.”

Nilikuwa nimenaswa na lango. Sumaku ya tahadhari imelishika chuma, na ile ya kifuani, nilipojipindapinda kujitoa, ikalishika pia. Kifaa kimebanwa katikati, na mimi nimelikumbatia lango la matangi ya maji kama aliyerudi kutoka vitani. Mlinzi alinivuta kwa begi. Mpishi alinivuta kwa mkanda wa suruali, nikamwomba aache. Ndipo Mkunga alipokunja mikono ya blauzi na kuwasogeza wote.

“Usisukume mpaka nikwambie. Vuta pumzi. Haya, sasa.”

Nilitoka. Mkanda wa begi ulichanika, begi likaenda huku, mimi kule. Na kifaa kikateleza kwenye lango, kikaanguka kwenye vumbi, kikabiringika hadi miguuni pa Mfamasia. Akakikanyaga.

 Wote walisikia hukumu ya wiki iliyopita ikirudi yenyewe. Kimedondoka.

Mkunga alikiokota, akakigeuza, akaiona pete ya spika. Akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia ni usalama. Akaazima kisu cha mpishi, akaibandua gundi, akaitupa sumaku mbali. Papo hapo mshale ukazunguka, ukasita, ukageukia mnara na kutulia, kama mbwa aliyeisikia sauti ya bwana wake. Huenda setilaiti zilikuwa zimerudi hewani wakati uleule. Hutokea.

Kisha akamkabidhi Mfamasia kifaa. Mbele yangu. Akamwambia atangulie.

Mfamasia alikishika juu chini. Alikileta puani, akakipeleka mbali, akakirudisha.  Akasema hawezi. Mkunga akamwuliza hawezi nini. Akasema macho. Mtoto wa jicho, yote mawili, tangu mwaka jana. Alinyamaza kwa kuogopa chama kitamwambia abaki nyumbani. Wiki iliyopita hakukiona kifaa nyasini, alikikanyaga, kama leo.

“Mimi nafuata wekundu wa begi lako tu, Mwalimu,” akasema. “Siku ukiacha kutangulia, na mimi safari zangu zimekwisha.”

Mlinzi aliinuka akampa kiti chake.  Mkunga akatoa hukumu nyingine. Mwalimu atangulie. Kifaa kitiwe kwenye kile kipochi cha Mfamasia kuanzia safari ijayo, na chuma chochote kisikikaribie. Leo nikishike mkononi, na yeye atembee pembeni yangu akinitazama. Mfamasia, kuanzia kesho kutwa, aanze kupelekwa kwa daktari wa macho, na atakayempeleka ni mimi.

Tulifika chemchemi. Njiani nilikuwa nasema, jiwe hapa, shimo hapa, mzizi. Begi jekundu nililifunga fundo, likaning'inia upande mmoja. Alilifuata bila kujikwaa. Kwenye chemchemi alinishukuru. Nilimwambia si kitu, nikaangalia pembeni, vumbi lilikuwa jingi.

Kwa kweli nimemdhania vibaya mtu huyu.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Nimelala, nimeamka, nimefikiri kwa kichwa kilichopumzika.

Nilikitoa kipochi uvunguni. Kifaa kimeingia sawasawa, hakichezi, hakibani. Sawasawa mno. Mtu asiyeona amepata wapi vipimo hivi? Wiki iliyopita alikishika, kwa madai ya kukiokota. Kumbe alikuwa anakipima!

Jambo jingine. Nitampeleka kwa daktari wa macho. Atatibiwa, atapona. Akipona ataona. Akiona atasoma kioo. Akisoma kioo, nani atatangulia? Na wazo la kumpeleka lilitokea siku gani? Siku ileile aliyosimama mbele ya watu akaeleza kwamba haoni. Ukiyapanga mambo kwa mstari, yanasomeka.

Sikatai kumpeleka. Nimeahidi, na mwalimu hutimiza. Nitampeleka, nitamshika mkono barabarani, nitamsubiri kwenye benchi. Huko nitapata nafasi ya kumchunguza kwa karibu.

Mkanda wa begi nimeushona. Kipochi nimekipachika. Kulabu ni imara, kamba ya kiunoni pia. Lakini kulabu hufunguka, na kamba hukatika. Kwa hiyo nimeongeza kitu kidogo ndani ya bitana ya kipochi, pasipoonekana. Ilibaki stoo. Ni ya spika kubwa.

Mke wangu aliuliza nashona nini tena. Nikasema kifungo. Akasema kifungo hicho kimeubeba mkasi wake. Kweli, mkasi ulikuwa umening'inia kwenye kipochi. Nikamrudishia, akaondoka akitikisa kichwa. Labda na yeye macho yanamsumbua.

Kabla ya chakula nimekijaribu kifaa sebuleni. Mshale umeonyesha jikoni. Nimegeukia mlango wa mbele, mshale ukageuka nami, ukaonyesha kabati. Nimegeukia dirisha. Popote nigeukapo, kushoto.

Juzi kilikuwa kizima. Jana Mfamasia alikishika mikononi mwake, akakigeuza juu chini, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemzuia.

Nilijua.